Mlango Uliomkana Mastura

Siku Mastura alipotolewa eda, mlango wa nyumba aliyoishi miaka kumi na mmoja ulimwambia haumjui.

Kwa sauti kabisa, mbele ya shangazi zake: "Samahani, sikutambui."

Wapo waliosema ni jini la marehemu mumewe. Hakuna cha jini wala babu yake jini. Ni mimi.

Naitwa Shafii, fundi wa kamera, Mtwara mjini. Kama unakaa Shangani na geti lako linajifungua lenyewe, huenda nimelifunga mimi.

Mume wa Mastura, Abdulmalik, alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini. Kazi alinipa kwa sababu ya mama yake, Bi Mwanakombo. Bibi alikuwa na ugonjwa wa sukari, halafu akaanza kusahau. Mara mbili alitoka peke yake, akakutwa karibu na bandari akiulizia njia ya Msimbati.

Nikafunga mfumo kamili. Mlango unasoma uso, wa anayeingia na wa anayetoka. Kamera zinamfuata kila mtu chumba hadi chumba, na kwenye simu unaona nani yuko wapi. Bibi hafunguliwi mpaka awe na Mastura.

Abdulmalik akafa kwa ajali. Mastura akakaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki, anamuuguza mama mkwe.

Mdogo wa marehemu, Fikirini, alizihesabu hizo siku kuliko mjane mwenyewe.

"Shafii, akiwa ndani siwezi kumtoa, watu watanisema," aliniambia. "Ila siku ya kutolewa eda atatoka kwa miguu yake. Akishatoka, mfute kwenye mfumo."

"Kaka, si ana haki yake kwenye nyumba?"

"Aidai akiwa nje. Wewe unautaka mchongo wa kamera za maghala ya korosho au huutaki?"

Niliutaka. Nisiwadanganye, hata usingizi sikukosa.

Siku ikafika. Saa moja asubuhi Mastura alimchoma bibi sindano yake ya kushusha sukari. Bibi akagoma kunywa uji. Wanawake walishafika, wakamwogesha mjane, wakamvalisha kanga mpya, wakaenda naye kwa shangazi yake Chikongola kusomewa dua. Uji ukafunikwa, bibi atabembelezwa wakirudi. Mastura hakuwa na wasiwasi, mlango ulikuwa unamlinda bibi.

Fikirini alidhani wanawake wote wa nyumba wamemsindikiza mjane, na mama yake akiwemo.

Saa tatu nikamfuta Mastura. Ilinichukua sekunde mbili.

Saa nne akarudi, mlango ukamkana.

Akapiga makofi, akapiga ngumi. "Mama yumo ndani! Kachomwa sindano, hajala!"

Mlango wa chuma, madirisha yote nondo. Jirani akaleta mtaimbo. Mjumbe akampigia Fikirini, aliyekuwa Msimbati kwenye mikorosho yao. Simu ikawekwa sauti kubwa, kila mtu akamsikia.

"Atakayevunja mlango wa kaka yangu nitamfunga! Mama kaondoka nao. Huyo anatafuta njia ya kurudi ndani!"

Jirani akashusha mtaimbo.

Fikirini alifika saa nane, kufuli jipya mkononi. Akafungua kwa simu yake huku anacheka. "Haya, mama mwenyewe yuko wapi?"

Bi Mwanakombo alikuwa kwenye korido, nyuma ya mlango, ameshakufa. Daktari alisema sukari ilishuka sana. Kikombe kimoja cha chai ya sukari kingemwokoa.

Fikirini alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akamfuata Mastura, aliyekuwa amekaa chini pale getini, ile kanga mpya imejaa vumbi.

"Shemeji, ingia umwoshe mama."

"Mlango umesema haunijui."

"Shemeji, nakuomba."

Akaingia. Akamwosha mkwewe, akamvisha sanda. Baada ya maziko akafunga begi moja, akaenda kwao Mikindani, hakudai hata kijiko.

Wiki iliyofuata Fikirini alitaka kuona rekodi. Tukakaa sebuleni kwake, tukaangalia.

Saa tatu na nusu bibi anatoka chumbani, anashika ukuta. Anafika mlangoni, anasogeza uso. Mlango haufunguki.

"Mastura," anaita. "Mastura mwanangu, nasikia baridi."

Aliita robo saa nzima, halafu akaketi, halafu akalala. Mastura alifika upande wa pili wa mlango dakika kumi baadaye.

"Mimi hakuniita?" Fikirini akauliza.

"Hakukuita, kaka."

Tangu hapo anawaambia watu kwamba mashine ilimdanganya, mashine imemuulia mama. Mji mzima unaamini hivyo. Mimi wananipa pole, nami nazipokea.

Leo nasema.

Saa nne na robo, Mastura akiwa analia mlangoni, Fikirini alinipigia. Mbele ya watu alikuwa amefoka, lakini kwangu sauti ilikuwa ya mtu aliyeanza kuogopa.

"Shafii, hebu niangalizie kwenye mfumo, huku shambani intaneti haishiki. Ndani kuna mtu?"

Nilikuwa juu ya ngazi, kwenye ghala la korosho, nafunga kamera ya kwanza ya mchongo wangu. Simu nimeibana kwa bega, mikononi skrubu. Nikaona uvivu kushuka.

"Hakuna mtu, kaka," nikamjibu.

Baadaye nilifungua kumbukumbu za siku ile. Tangu wanawake walipotoka mpaka saa nane, bila kuruka hata dakika moja, mfumo ulikuwa umeandika kwamba ndani yuko mtu mmoja, Bi Mwanakombo, kwanza chumbani, halafu mlangoni.

Mashine haikumdanganya Fikirini. Nilimdanganya mimi, na atajua akisoma hapa, kama atasoma.

Nitukaneni mkitaka, nastahili. Ila wewe unayesoma, siku ukiulizwa kama ndani kuna mtu, shuka kwenye ngazi ukaangalie.