Siku Wakesho Alipokufa Mbele ya Mama Yake

Nilitoka Taveta Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya simu moja. Mnanijua: kwa miaka mingi nilikuwa na kibanda cha video karibu na soko, mpaka simu za mkononi ziliponifilisi na kuniachia projekta moja na kazi za harusi. Aliyenipigia ni Wakesho, mwigizaji wa filamu ambaye wengi wenu mlimwona kibandani kwangu akifa. Amekufa kwa risasi, kwa sumu, kwa malaria na kwa mapenzi, na majuzi alipewa tuzo kubwa ng'ambo.

"Njoo Mbololo na hiyo mashine," alisema. "Nataka mama yangu aone kazi yangu. Hajawahi kuona filamu yangu hata moja."

Nilipata lifti kwenye kenta ya ndizi. Tulipita Salaita jua likichomoza, na kabla ya Maktau ndovu walitusimamisha, kina mama na watoto wao, wakavuka barabara bila haraka yoyote. Dereva alizima injini akaanza kumenya ndizi. Mimi nilikuwa nimekumbatia projekta kama mtoto mwenye homa, maana barabara ina matuta na mimi sina projekta ya pili.

Saa nne tukaingia Voi. Wakesho alinisubiri mwenyewe hotelini, mbele yake chai na chapati, huku wahudumu wakija mmoja mmoja kupigwa picha naye. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi kuliko anavyoonekana kwenye filamu, na anacheka na mwili mzima. Nilimwuliza alianzaje.

"Nilikuwa nauza vitambaa kwa duka, hapo mtaa wa pili," alisema. "Wakaja watu wa filamu, wanatafuta mwanamke wa kulala ndani ya jeneza. Wenzangu wawili walijaribu, wakapiga chafya. Mimi nikatulia. Wakanichukua mpaka Nairobi."

Baada ya jeneza alipewa sehemu ya kusema maneno mawili, kisha sehemu ya chifu, ya hakimu, ya muuza samaki, mpaka jina lake likaanza kuandikwa la kwanza. Lakini ile filamu ya kwanza ilifika Voi kabla yake. Jirani yao aliiona, akapanda mbio mpaka kijijini kwao Mbololo na kumwambia mama kwamba ameona kwa macho yake Wakesho akizikwa. Wakati huo kijijini hapakuwa na simu hata moja.

"Siku ya tatu nikafika na sukari kilo mbili," alisema Wakesho. "Nikakuta viti vimepangwa uani, watu wanaimba. Msiba wangu mwenyewe." Alicheka, lakini aliendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Mama hakunigombeza. Alisema tu nisimletee tena habari za filamu. Miaka ishirini na tano sasa. Ana miaka karibu tisini, na mimi sijui kama nitapata nafasi nyingine."

"Na hii iliyopata tuzo, unakufa?"

"Mwishoni. Mama nimemwambia sifi." Aliniangalia kwa yale macho yanayomlipa mshahara. "Nikiweka kichwa kwenye mto, wewe zima. Sema stima imepotea."

Nilikubali haraka. Kuzima filamu nilikuwa nimezoea, maana kibandani walevi wakianza kupigana dawa ilikuwa hiyo.

Jumapili baada ya ibada tulitundika shuka jeupe kwenye ukumbi wa kanisa huko Mbololo na kuziba madirisha kwa mablanketi. Kijiji kizima kilijaa. Mama yake Wakesho aliingia na fimbo yake, akasalimia kila mtu kwa Kidawida, akaketi mbele kabisa, mwanawe kando yake.

Alikuwa mtazamaji mtamu. Wakesho wa kwenye shuka alipopika, mama alisema moto umezidi. Mume alipomdanganya, mama alimwonya kwa sauti. Mimi nilikuwa nimeloa jasho, kidole kwenye kitufe. Kichwa kikagusa mto. Nikazima.

"Poleni," nikatangaza. "Stima imepotea."

Kisha mama akainua fimbo yake kuelekea darini.

"Stima imepotea, na feni inazunguka?"

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Wakesho aliinamisha kichwa.

"Mama, nilikudanganya. Mimi hufa hapo. Sikutaka uumie."

"Kwani nani alikwambia nilikataa kwa sababu unakufa?" alisema mama. "Nilikukasirikia kwa sababu niliambiwa na jirani. Mtoto ni wangu, halafu jirani ndiye anajua. Ungekuja kuniambia wewe, ningekuja kuangalia." Akanigeukia. "Wewe fundi, rudisha."

Nikarudisha. Wakesho akafa polepole, kama anavyojua yeye, na wanawake wakalia mpaka kwenye viti vya nyuma. Mama hakulia. Aliushika mkono wa mwanawe muda wote, na taa zilipowaka alikuwa bado ameushika.

"Unaijua kazi yako," alisema. "Ziko ngapi nyingine?"

Zilikuwa kumi na nne. Nilipaswa kurudi Taveta jioni hiyo, nilirudi Alhamisi. Katika safari hii nimejifunza kwamba kwa miaka yote niliyokuwa nikionyesha filamu, sikuwahi kujiuliza ni mama wa nani anayepata habari za mwanawe kwa jirani.

Filamu ya jeneza tuliiweka ya mwisho, Jumatano mchana, sebuleni kwa mama yake Wakesho. Mama aliwatazama waombolezaji wakizunguka kaburi, akawahesabu kwa kidole, akaguna.

"Kumi na wawili tu?" akamwambia mwanawe. "Mimi nilikulilia na kijiji kizima."