Fundi Aliyejipanulia Blauzi

Mtaani walimwita Fundi Maneno, na hakulikataa jina hilo, kwa sababu kulikataa kungemgharimu maneno mengine. Alishona nguo za kike kwenye chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, vyerehani viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na pasi ambayo ukiishika vibaya inakurusha. Cherehani cha pili kilikuwa cha wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke asiyepoteza neno, aliyekuwa akishona vifungo na pindo na kumwambia Fundi anyamaze.

Kwenye kazi ile Fundi alikuwa na sheria moja: mteja hanenepi. Mteja akija na gauni la mwaka jana lililogoma kupita mapajani, Fundi hulishika, akalivutavuta, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Kitambaa kimerudi, dada yangu. Kimefuliwa mara mbili tu, tazama kilivyonywea. Viwanda vya siku hizi vinatuonea." Halafu hufumua mishono, akaachia kidogo huku na kidogo kule, na mteja huondoka shingo juu, hana kinyongo na mtu isipokuwa kiwanda. Kila nguo aliyoikata ilikuwa na akiba ya kitambaa ndani ya mshono, ikisubiri siku ya uongo huo.

Basi alipopata mimba alijifanyia vilevile. Mimba yenyewe ilikuja baada ya miaka ya vipimo, maombi na maswali ya watu wasiohusika. Moja iliwahi kutoka huko nyuma, na hii aliitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote duniani. Angeambiwa atembee kwa mikono mpaka siku ya kujifungua, angetembea. Lakini hakuambiwa atembee kwa mikono. Aliambiwa aende kliniki kila tarehe aliyopangiwa, na hilo ndilo lililomshinda.

Kwa watu alisema ana gauni la harusi la kumaliza, gauni zito lenye vipande vya kumeremeta kifua kizima. Ukweli ni kwamba aliogopa. Habari mbaya ya ile mimba ya kwanza aliipokea kliniki, na tangu hapo alikuwa akilikwepa jengo lile kama mtu anavyomkwepa anayemdai. Badala yake akaanza kujitibu. Mteja mmoja alimwambia kwamba kuna kitu kama kutu kinachokula mwili wa binadamu, na dawa yake ni vitamini. Fundi akanunua vidonge. Akala karoti asubuhi, mchana na jioni, mpaka viganja vikaanza kubadilika rangi, na akawa anawashauri wateja kwa sauti ya daktari bingwa.

Kisha blauzi ikaanza kumbana mikono. Akafumua, akaachia. Baada ya siku chache ikabana tena. Akaachia tena.

"Kitambaa kimerudi," alimwambia wifi yake.

Wifi alitazama miguu iliyokuwa kwenye pedeli, ndani ya kandambili za mume. "Na viatu vyako navyo vimerudi?"

"Ngozi nayo hurudi, wifi. Wewe hujui ngozi."

"Na pete?"

Pete ilikuwa kabatini tangu ilipovuliwa kwa sabuni na machozi. Fundi alisema ameivua ili isikwaruze kitambaa cha bibi harusi, jibu zuri sana, akajipongeza kimoyomoyo. Wifi akamwambia kesho aende kliniki. Fundi akasema ataenda gauni likiisha. Kichwa kilikuwa kinamgonga, lakini hilo alilitupia cherehani, na yale maumivu ya chini ya mbavu akayatupia karoti.

Asubuhi moja akiwa anakata bitana ya ndani ya gauni lile, aliona vimetameta vinacheza mezani. Hilo halikumshangaza, gauni lilikuwa limejaa vimetameta. Akainua macho akatazama ukuta mtupu, navyo vikacheza ukutani. Akafikiri vimemnasa kwenye kope. Akapangusa macho, akarudi kazini, na mkasi ukapita, taratibu na kwa ustadi mkubwa, katikati ya kifua cha gauni la watu.

Wifi aliinuka, akamnyang'anya mkasi. "Twende."

"Wifi, gauni la watu..."

"Ni kitambaa hicho. Vaa kandambili zako."

Kliniki walimkuta nesi wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Alimfunga Fundi mkanda wa presha, akasoma, akaulegeza. Akamwambia atulie kimya kwanza, jambo ambalo lilikuwa adhabu tosha, kisha akapima tena.

"Nesi, hiyo mashine imechoka," Fundi alisema. "Jaribu mkono wa kulia. Huu wa kushoto kazi yake ni kushikilia tu."

Mkono wa kulia ukasema yaleyale.

"Basi ni betri."

Nesi hakubishana. Alimwita wifi akae, akamfunga yeye mkanda, akawaonyesha wote wawili. Presha ya wifi ilikuwa ya kawaida kabisa. "Betri nzima," alisema. "Unayeumwa ni wewe, mama. Presha yako iko juu sana, na tunakupeleka hospitali sasa hivi."

Fundi alitafuta mwingine wa kumlaumu, akazungusha macho chumba kizima, akakosa.

Hospitalini wakampima mkojo na damu, kisha daktari wa zamu, mwanamke mwenye sauti ya chini, akavuta kiti. Alimweleza kwamba mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma haikufunguka vizuri tangu mwanzo. Damu hufika kwa shida, kondo linahangaika, na katika kuhangaika huko linatoa kemikali kali za oksijeni zinazochubua kuta za mishipa mwilini. Ndiyo maana presha imepanda, figo zinavujisha protini, na macho yanaona nyota mchana.

"Kama kutu," alisema Fundi.

"Inakaribia hapo."

"Lakini daktari, mimi kutu nimeipiga vita. Vidonge nimemeza. Karoti nimekula mpaka sungura wananionea wivu."

Daktari alitabasamu kidogo tu. "Vitamini hizo zilijaribiwa kwa wajawazito wengi, hazikuuzuia ugonjwa huu. Karoti hazina kosa. Na kuugua si kosa lako. Ila ungekuja kupimwa, tungeuona mapema, tukakupa dawa ya presha, tukawa tunakuangalia." Akatazama saa. "Sasa tunakukinga na kifafa cha mimba, tunashusha presha, halafu tunamtoa mtoto leo. Ugonjwa huu hauanzi kupoa mpaka kondo litoke, na haliwezi kutoka mtoto akabaki."

"Bado hajatimiza miezi, daktari. Nipe japo wiki. Nitalala, sitasema hata neno."

"Ningekuwa nayo ningekupa."

Fundi aligeuza uso ukutani. Aibu ilimjaa mpaka masikio yakawaka, na hofu ikaja juu yake. "Atapona?"

"Sijui. Nikiwaacha hivi, naweza kuwapoteza wote wawili."

Fundi akanyoosha mkono wapitishe sindano. Dawa ilipoingia mwili mzima ulipata joto. Mlangoni alisimama mumewe, anayepaka nyumba rangi, ametoka kazini mbio na rangi nyeupe kwenye nyusi, ameshika mfuko wa nguo juu chini huku vitu vikidondoka. Fundi alitaka kumcheka, akalia.

Mtoto alikuwa wa kike, mwembamba, ngozi imekunjamana, lakini alitoka analalamika. Presha ya mama haikushuka siku hiyo wala iliyofuata. Walimpima mpaka akaacha kuilaumu mashine. Alipopata nguvu wakamwekea mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wakawafunga pamoja kwa kitenge. Nesi wa wodi akamwonya: watoto waliozaliwa kabla ya siku zao wakati mwingine husahau kupumua. Akiona mtoto ametulia kupita kiasi amsugue mgongo, na asipoitika aite nesi haraka.

Mchana wifi alikuja, akakaa ukingoni mwa kitanda. Alisema bibi harusi amelipata gauni lake, lile pasuo la kifua yeye mwenyewe wifi amelizibia maua ya kitambaa, na sasa shangazi zake wote wanataka maua. Fundi aliinamisha macho kumtazama mwanawe. Kifua kidogo kilichokuwa juu ya kifua chake kilikuwa kimetulia.

Wifi akanyanyuka kumwita nesi. Fundi akaingiza kidole ndani ya kitenge, akausugua mgongo ule, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa nguvu kidogo.

"Pumua, mama," alimnong'oneza binti yake. "Wewe kweli ni wangu. Jambo la lazima kabisa, nawe unaliahirisha. Sisi wawili hatuahirishi tena. Haya, pumua."

Mgongo ukainuka chini ya kidole chake, ukashuka, ukainuka tena. Nesi alipofika, Fundi alikuwa bado amekiacha kidole mgongoni. Alikuwa anaogopa kupumua yeye, asije akampotezea mtoto hesabu ya pumzi.