Siku nilitundika hamac, mugini muzima ukakimbia

Hii haya ningetaka kuzikwa nayo, mais bajukuu bangu bananicheka na nusu yake tu, donc heri nibape yote, mwenye kucheka acheke mara moja amalize.

Ilikuwa wakati ya vita. Masasi ililia Butembo asubuhi, kila mutu akabeba chenye mukono yake ilishika: sufuria, mashini ya kushona, jirani moja alibeba mulango (ndiyo, mulango, aliung'oa). Mimi nikabeba hamac, ile wavu ya kamba yenye unatundika katikati ya miti mbili unalala ndani. Muzungu moja wa shamba ya kahawa, mwenye nilimupikiaka zamani, njo aliniachia. Niliibeba juu ya kiburi. Nilijua tutalala kwa batu, na mimi, mama wa batoto saba, kulala chini mu jiko ya mutu mwingine, miguu mu majivu? Hapana.

Nilikuwa na Masika, bibi ya mutoto wangu Kambale, mimba yake miezi nane. Kambale alibakia Beni, barabara imefungwa, na neno ya mwisho alinituma ni hii: "Mama, unichungie bibi." Tukapanda milima polepole siku mbili, mupaka mugini moja ya juu; mama moja mujane, Katungu, akatupokea, akatupatia jiko yake na birayi yake, ile viazi ya milima, bila kuuliza kitu.

Sasa, pa kutundika. Batoto, musizani ni kitu rahisi! Nikazunguka ule mulima kama mutu mwenye kupoteza mbuzi. Mikaratusi: upepo ikija inakuyumbisha kama mulevi, nikatapika. Avoka: siafu ilikuwa na nyumba yao mule, nikashuka mbio, kikwembe yangu ya kiuno mukononi. Mugomba (ee, mimi mulimaji wa kuzaliwa, nikafunga kamba kwa mugomba!) ukaanguka pamoja na mimi, ndizi juu ya tumbo. Katungu akaniuliza, "Mama Kambale, na hiyo wavu yako unatega ndege?" Nikamujibu natega usingizi. Mais kila siku nilijua kitu kipya: upepo ya saa nane inatokea wapi, umande inashukia upande gani, ganda gani inashika kamba na ganda gani inateleza. Nasema kweli, ilinifurahisha. Kichwa yangu ilikuwa inasikiliza masasi tu, sasa ikapata kazi.

Siku ya tano nikaona. Kando ya njia ya kupanda, miti mbili ngumu, hatua nne katikati, kivuli, upepo kidogo, na unaona bonde yote chini. Tena, pa kimo ya kifua maganda ilikuwa imelainika, alama ya kamba ya miaka mingi. Nikajisemea: kumbe hata huku kuko batu ya akili kama mimi! Kuuliza mutu? Sikuuliza. Nikafunga, nikajifunika drap, shuka nyeupe, toka kichwa mupaka miguu juu ya baridi, nikalala muchana kweupe.

Nikasikia wimbo. Bamama ba kutoka soko balisimama, banaimba wimbo ya kanisa, polepole. Nikawaza: Bakristo bazuri, banapumuzika na kumusifu Mungu. Nikaacha macho imefungwa nisibakatie wimbo. Kisha moja akasema, "Na babebaji bake bako wapi?"

"Mutu anaachaka maiti yake pa kipoyi na kukimbia?"

"Anaacha, kama basoda bako nyuma yake."

Halafu nikasikia bikapo inaanguka, na miguu, na sauti: "Bamefika! Bamefika!"

Kipoyi njo ile machela ya kubebea mugonjwa ama maiti mu milima. Babebaji bakichoka na mupando, banatundika mutu wao kwa ile miti mbili, asiguse matope, bapumue kidogo. Hata batoto ba pale balijua. Mimi, mwenye akili, nilipima miti, sikuuliza batu.

Nikataka kutoka mbio, mais hamac haitokeki mbio. Muguu ukapita mu tundu ya wavu, nikabakia naning'inia kama kuku ya soko, ndani ya drap. Muzee moja alikuwa amebakia nyuma, mifupa yake imekataa kukimbia. Akaona maiti inapiga mateke. Mifupa ikakubali.

Nilipojitoa na kufika, mugini haina mutu. Bugali inaungua peke yake, mbuzi iko mu shamba ya poireaux (bitunguu ya majani) ya batu. Nikacheka (Mungu anisamehe). Kisha nikaona pa mulango ya jiko sandale moja ya Masika, moja tu, nikaacha kucheka. Kule chini ni mutelemuko na utelezi, na yeye na ile tumbo! Nikasimama pa jiwe, nikalia: "Masikaaa! Niko muzima! Hakuna basoda! Ni mimi tu, mimi mujinga!" Nililia mupaka sauti ikabakia ya chura. Bakaanza kutoka mu mihindi, moja moja, bananitazama bila salamu.

Masika akatoka wa mwisho, Katungu anamushika, matope mupaka magoti, mukono pa tumbo. Kwetu bibi ya mutoto hainuake sauti mbele ya mama mukwe, hata macho anashusha. Ile siku hakushusha.

"Mama, balisema maiti iko pa njia, na wewe haukuwa nyumbani, nikajua ni wewe. Nikakuacha pale, nikakimbia juu ya huyu mwenye iko mu tumbo. Unajua vile inauma, kumuacha mutu?"

Nikakaa chini mu matope. Kisha nikauliza, "Anacheza?" Masika akakamata mukono yangu, akaiweka pa tumbo, tukangojea sisi wote wawili, mugini yote inangojea, mupaka mutoto akageuka.

Njo pale Katungu akasema, "Bon. Mama Kambale, bugali yenye iliungua, utasonga upya. Nyumba kwa nyumba." Nikasonga, na kila mulango nikaomba musamaha.

Mulima haina pahali pa bure, bajukuu. Kila muti iko na kazi yake, na mutu wa kukuambia iko, kama kiburi inakuachia kufungua kinywa. Na mimi, kulala na kichwa imefunikwa, tena hapana. Hata mbu inimalize.