Kila Jioni Namwita Mgebuka

Mimi nauza mawese, siuzi hadithi. Haya nitakayokueleza yalinitokea mwenyewe, saa saba mchana, sokoni Mwanga. Kama unadhani mambo ya namna hii yanangoja usiku, basi Kigoma hujakaa. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana mwanzo wake unachekesha kweli.

Mwanamke wa miaka arobaini na sita kama mimi, mwenye ndoo za mawese na magunia ya dagaa, ndiye mtaalamu wa mchezo wa vizimwi mjini hapa. Unaujua mchezo huo? Ni wa kwenye simu: unazunguka porini na majini, unakamata vizimwi, unawapa majina, unawafundisha kupigana mpaka wanageuka kuwa wakubwa. Una matoleo mengi, na mimi nimeyamaliza manne. Watoto wameniingiza kwenye kundi lao la simu na kutwa wananiuliza. Shangazi, yule wa umeme anapatikana wapi? Shangazi, bosi wa tatu kanishinda mara tisa, niende na nani? Nawajibu kwa sauti huku napima mawese. Wa moto usimpeleke kwa wa maji, utalia. Wa kupewa na mwenzio hakusikii mpaka wewe mwenyewe ukue. Na usimwachie kizimwi hovyo, ukimwachia ndiyo basi tena.

Nimeyajulia wapi? Kwa mdogo wangu, Issa. Siku aliyopanda boti kwenda Kagunga kufuata dagaa aliniachia simu yake niichaji, akasema anaogopa itaingia maji. Boti ikapigwa na upepo. Wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. Tulingoja weee, mwisho tukasoma hitima bila maiti, mama akasema tumshukuru Mungu, watu wakarudi makwao. Mimi sikushukuru. Nilibaki na ile simu, na ndani yake kizimwi wa kwanza ambaye Issa alimkamata, mrefu, mwembamba, wa majini. Alikuwa amempa jina la Mgebuka. Mgebuka ni samaki wa ziwa letu, lakini pia ndilo jina tulilomwita Issa nyumbani, kwa wembamba wake. Nje ya mlango wetu hakuna aliyejua kuwa ni lake.

Issa alikuwa na kituko kimoja: akimtoa Mgebuka kupigana, alimwita kwa mdomo. "Muite, dada," aliniambia. "Asipoitwa anajisahau." Basi na mimi kila saa kumi na mbili jioni, nikishafunga meza, nacheza raundi moja na kuita, "Mgebuka, njoo!" Soko zima lilinizoea. Nikikuambia nilikuwa namwita kizimwi tu, nitakuwa nakudanganya.

Siku yenyewe ilikuwa kiangazi, jua la utosi. Jirani zangu wa meza walikuwa wamekwenda kuswali adhuhuri, wengine wamekwenda kula. Kijana mmoja akaja akasimama mbele ya meza yangu. Shati jeupe, vifungo vyote mpaka shingoni, umri kama miaka ishirini na tano hivi. Nikangoja shikamoo yangu. Akanitazama, akasema, "Marahaba."

Umewahi kuona? Kijana anaitikia shikamoo ambayo hajapewa, tena na mtu wa umri wa shangazi yake! Nilitaka kumpa maneno yake, lakini hakuwa anatania. Alisema kama mtu aliyezoea kuamkiwa kwa miaka mingi sana.

"Wewe ndiye unayejibu maswali ya mchezo?"

"Ndimi. Umekwama wapi?"

"Nina mmoja, nimepewa. Katoka ziwani. Hanisikii."

Swali la kila siku hilo. Nikamwambia wa kupewa ndivyo walivyo, mpaka mwenye kumfuga akue.

"Nimekua vya kutosha," akasema. "Nimempa na jina jingine. Haitiki."

"Hawezi kuitika. Wa kupewa habadilishwi jina, analo lile la aliyemkamata kwanza. Hebu lete simu niangalie."

"Sina simu."

Nikaacha kupima. Nikamuuliza sasa anachezea wapi. Akanijibu kwa upole, kama mtu anayeeleza maradhi ya ng'ombe wake.

"Sichezi. Nina shamba. Giza likiingia wenzake wanashika majembe. Yeye, ikifika saa kumi na mbili, anageukia huku mjini, anajishika sikio la kushoto, anasimama. Hashiki jembe mpaka kunakucha. Kuna mtu anamwita."

Kizimwi wa kwenye simu hana masikio. Mwenye sikio la kushoto ni Issa. Mwalimu wake wa darasa la tatu alikuwa akimwita huku anamvuta sikio hilo, na tangu hapo mpaka anaota ndevu, ukimwita Issa ghafla, mkono unakwenda sikioni kwanza.

Wazee husema wapo wafu ambao hawakufa, wamechukuliwa tu wakalime mashamba ya watu usiku. Misukule. Mimi nilikuwa wa kwanza kuwacheka wanaosema hivyo.

"Anaitwa nani?" nikauliza.

"Hilo unalijua. Mimi nimekuja na swali moja. Aliyemkamata kwanza akimwachia, jina linakwisha?"

Jibu nilikuwa nalo. Linakwisha. Kizimwi akiachiwa, jina lake na kila alichofundishwa vinafutika, na hakuna wa kumrudisha. Nimewaambia watoto hivyo mara ngapi? Kijana akaitazama simu ya Issa iliyokuwa mezani pembeni ya mizani.

"Mwachie, shangazi. Ni kubonyeza tu. Utapumzika, naye atapumzika."

Nitakwambia ukweli ninaouonea aibu: nilishika simu. Neno kupumzika lilinipata pabaya. Nani hataki mdogo wake apumzike? Nilikuwa nimechoka kulia, nimechoka kumwona mama akiangalia ziwa. Nikamfungua Mgebuka, nikafika pale pa kumwachia. Mchezo ukaniuliza kama nina hakika. Kidole changu kina mawese, kinateleza kwenye kioo, na yule kijana amesogea mpaka tumbo lake limegusa meza.

Ndipo nikajiuliza. Kama ni kupumzika, huyu ana haraka ya nini? Mwenye shamba haombi jembe lake lipumzike.

Nikazima simu, nikaibana kifuani. "Simwachii. Mrudishe mtoto wa watu."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliniuliza tu, "Utaita mpaka lini?" akaondoka kwa kupita katikati ya meza za nyanya. Mama Zuhura wa meza ya pili aliporudi kutoka msikitini alinikuta nimeikumbatia simu, ndoo imepinduka, mawese yamefika mpaka kwenye vitunguu vyake. Aliuona uso wangu, hakudai kitu.

Masika iliyofuata malaria iliniangusha. Jioni moja nililala sijitambui, sikuita. Nilipopata nguvu ya kurudi sokoni, saa saba mchana, shati jeupe likapita mbele ya meza. Hakusimama hata.

"Marahaba, shangazi. Juzi amelima vizuri."

Nililia mbele ya wateja. Sikuwahi kukosa tena.

Simu ya Issa ilikuja kufa, betri ikavimba, mafundi wawili wakashindwa. Jioni ile nilisimama mikono mitupu, nikaita kwa mdomo wangu tu. Kama inafika au haifiki, sijui. Pengine namzuia asilimishwe, pengine namzuia asilale, nalo hilo sijui. Ninachojua ni kwamba yule kijana hajapita tena, na kwangu hiyo ndiyo salamu kwamba mdogo wangu bado anasimama.

Lakini mimi nazeeka. Kwa hiyo watoto wa kundi nimewadanganya, Mungu anisamehe. Nimewaambia ni sheria ya mchezo: saa kumi na mbili jioni kila mmoja amwite Mgebuka mara moja, atapata bahati. Wanaita. Wengine wananitumia na sauti zao, huku wanacheka.

Na wewe shika haya mawili. Mtu akikuuliza swali la mchezo, mwambie kwanza akuonyeshe simu. Na kama ndani ya simu yako kuna kitu kilichopewa jina na mtu ambaye hakurudi, usikifute, hata ukiahidiwa pumziko. Ukipita Mwanga jioni ukasikia watoto wanaita Mgebuka, usiwashangae. Ita na wewe.