Safari ya Kwanza ya Mkuu wa Stesheni

Kwa miaka thelathini na mmoja mkuu wa stesheni aliruhusu treni mbili kila siku, ya kwenda na ya kurudi, na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata moja. Stesheni yenyewe kiganja tu: paa la bati, dirisha moja la tiketi, benchi lililong'aa kwa kukaliwa na watu wa vijiji vinne. Alijua nani anakwenda hospitali, nani anakwenda kuposa, na nani amerudi na jibu lake mdomoni. Watoto walimwita Baba Bendera. Mkewe naye alimwita hivyo, akiwa amekasirika.

"Watoto wa wenzio unawasindikiza kila siku," mkewe alikuwa akisema. "Na wa kwako je?"

Binti yao aliolewa huko reli inakoishia. Alikwisha kuzaa watatu, na babu yao hajampakata hata mmoja.

"Nikienda, nani atashika bendera?"

Asubuhi aliyostaafu, jibu hilo lilikwisha. Tiketi mbili alizigonga muhuri mwenyewe. Mkewe akatangulia kwenye behewa la nyuma na vikapu, akamshikia nafasi. Mkuu mpya, dada mcheshi, akamkabidhi bendera zote mbili.

"Iruhusu wewe, mzee. Ya kuagia."

Basi mzee akafunga vifungo vya koti, akaenda hadi mwisho wa jukwaa, akatazama kulia na kushoto, akapuliza filimbi, akainua ya kijani. Treni ikaondoka. Behewa la kwanza likapita, la pili, la tatu, naye kasimama wima, ameridhika, kama siku zote. Likaja la nyuma.

"Baba Bendera! Unasafiri au unaniaga?"

Maishani mwake hakuwahi kuisimamisha treni aliyokwisha kuiruhusu; nyekundu ni ya ng'ombe relini, ya daraja lililobomoka. Akaichomoa kwapani, akakimbia akiipunga kama mwendawazimu. Gadi, msimamizi wa treni, akavuta breki, magurudumu yakalia.

"Mzee! Kuna hatari gani?"

"Mke wangu," alisema akihema, "ananiacha."

Gadi alimtazama kidogo, kisha akamnyooshea mkono. "Hiyo ni hatari kweli. Panda."

Mkuu mpya alizipokea bendera huku anacheka mpaka machozi. Ndani, kikapu kilikuwa kimekalia nafasi yake.

"Pana mtu hapa?" aliuliza kwa upole.

"Palikuwa na mtu. Alibaki stesheni."

Kisha mkewe akakipakata kikapu, akasogea, akamwachia upande wa dirishani.