Mkono Uliopanda Avokado

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa maji na kuchunga ndama, hakuna mtu kwetu aliyepanda mti wa matunda. Miti ilikuwepo, ya mapera na ya avokado, lakini ukiuliza nani aliipanda unaambiwa imejiotea. Mtu akimaliza kula avokado alitupa kokwa nyuma ya nyumba bila kuangalia linaangukia wapi. Likiota, shauri lake. Ilisemwa kwamba anayefukia mbegu ya tunda kwa mkono wake atakufa mwaka ule mti utakapozaa. Chai tulipanda, mahindi tulipanda, hayo hayakuwa na neno. Ni miti ya matunda tu iliyokuwa na shida na watu.

Mimi nilisahau. Au sikusahau, nilitaka tu kuona. Nilichimba kwa vidole karibu na zizi la ndama, nikafukia kokwa, nikawa nalimwagia maji yanayobaki. Lilipotoa majani mawili nilifurahi, nikamwita nyanya yangu mzaa baba, ambaye kwetu huitwa Kogo, aje aone.

"Nani ameweka hii?"

"Mimi."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono, Kogo."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa chini pale pale kwenye samadi, akanishika vidole kimoja kimoja kama mtu anayetafuta mwiba. Halafu akasema, "Nenda uoshe mikono. Usirudi mpaka nikuite."

Nilijificha nyuma ya ua nikachungulia. Kogo aliutoa ule mche pamoja na udongo wake, akaubeba mpaka karibu na mlango wa nyumba yake, akachimba shimo, akauweka. Alifukia kwa viganja vyote viwili, akishindilia pole pole, na huku anauongelesha.

"Ni mimi. Umeniona? Ni mimi Tapkigen. Yule mtoto hujamwona."

Kisha akaniita. "Huu mti ni wa nani?"

"Wako, Kogo."

"Ukiulizwa kanisani?"

"Wako."

"Basi. Kafungue ndama."

Mti ulichukua miaka mingi, kama ulivyo mti wa kokwa. Ulipotoa maua mimi nilikuwa msichana mkubwa, nachuma chai na mama, na Kogo alikuwa ameinama kabisa, anakunywa uji tu. Mama alichukua panga aukate kabla haujazaa. Kogo akamwambia kutoka ndani, "Ukiukata, huo mti utamrudia nani?" Mama hakuelewa. Mimi nilielewa, nikaangalia miguu yangu.

Alikufa wakati avokado za kwanza zinaanza kuanguka. Kwenye mazishi wanawake waliinua macho kwenye ule mti, wakayashusha. Nilitoka pale nikijua nimemuua nyanya yangu. Nimezaa, nimelea, nimepata wajukuu, na shambani kwangu sijawahi kuweka hata mpera.

Sasa huku kwetu, chini ya mji wa Litein, kuna uwanja wa lile josho la zamani la ng'ombe. Ulikaa bure, watu wakitupa takataka. Kikundi chetu kikaomba kupanda bustani ya matunda ya kijiji chote, kila mtu kwa kujitolea, Jumamosi baada ya kukamua. Miche aliileta Wanjiru mwenye duka, ambaye watu wake ni wa Murang'a, ile miche ya kuunganishwa inayozaa upesi.

Mashimo yalichimbwa haraka. Siku ya kupanda, mikono yote ikaingia mifukoni. Ni Mama Kiprono, jirani yangu, aliyepata njia.

"Mguu si mkono," akasema, akasukuma udongo kwa gamboti. Tukafuata wote, tukicheka, mimi nikiwa mmoja wao. Hakuna aliyeinama kushindilia. Mizizi ikabaki imeelea, jua likaja, na miche yote ikakauka ikawa kama fito. Kwenye baraza la chifu tukaambiwa mvua ndefu ikipita bila mti mzima pale, uwanja utajengwa maduka.

Wanjiru alileta miche mingine. "Kwetu tunapanda kwa mikono," akasema, "na tumezidi kuwa wengi mpaka mkatuona huku."

"Nyinyi miti imewazoea," Mama Kiprono akamjibu. "Sisi je?"

Mvua ilikuwa imeanza. Nilipiga magoti kwenye matope, na magoti yangu siku hizi hayapendi kutumwa.

"Kogo, utainuka kweli?" wakaniuliza, maana sasa mimi ndiye Kogo.

"Leteni mche."

Mama Kiprono akafurahi. "Wewe ni mzee, ni sawa. Panda yote."

"Nitapanda mmoja. Mkingoja wazee ndio wapande, hao wazee watakufa tu, halafu mtasema ni mti." Nilisikia hayo maneno yakitoka mdomoni mwangu na nikashtuka. Miaka yote hiyo sikuwa nimeyafikiria. Nikawaambia habari ya kokwa langu na viganja vya Kogo. Nilikuwa sijamwambia mtu.

Nikashindilia udongo wangu. Nilipoinua kichwa, Mama Kiprono alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la pili, anaomba Mungu kwa kila konzi ya udongo.

"Nikifa, Wanjiru, ng'ombe wangu usimguse," akasema.

"Yule anayepiga teke? Zikwa naye."

Mwaka huu, wa tatu, mti wangu umezaa. Kila nikikohoa watu wananyamaza. Mama Kiprono amekuwa akija asubuhi kuomba chumvi, na najua kwake kuna pakiti nzima. Namjibu nikiwa bado kitandani, "Niko. Chumvi iko pale." Jumamosi iliyopita tulichuma, nikapasua avokado ya kwanza pale pale joshoni, nikala mbele yao wote. Nikawapa wengine, nao wakala wakiniangalia. Maduka hayajajengwa.

Wananiita shujaa, lakini hapana. Nilipopiga magoti pale nilikuwa na hofu kidogo tu, ile ya kawaida ya mtu mwenye umri wangu. Kogo aliamini. Kwake ule mti ulikuwa na macho na ungehesabu. Aliamini kabisa, akauambia jina lake, na akashindilia kwa viganja vyote viwili.