Mtu Haendi Juu na Kibuyu

Enzi zetu, siye watoto wa Mbwera, mchezo wetu ulikuwa tope. Maji yakipwa tu, tunateleza kwa matumbo kutoka ukingoni mpaka chini mtoni, tukitoka hapo hata mama zetu hawajui yupi wa nani. Mliokuwa nami mnakumbuka. Wajukuu wangu nikiwasimulia wanakunja pua na kuuliza, "Bibi, na mamba je?" Mamba walikuwepo, lakini na baba yangu alikuwepo.

Baba alikuwa msasi wa mamba. Silaha yake ilikuwa chusa, mkuki wa ncha yenye kulabu, na kwenye chusa kamba ndefu ya makumbi, na mwisho wa kamba gogo jepesi. Anamchoma mamba, anaiachia kamba, mamba anazama, gogo linabaki juu likionyesha alipo. Baba anakaa mtumbwini anatafuna tambuu yake, anangoja mnyama achoke. "Mnyama hauawi kwa nguvu," alikuwa akisema, "huuawa kwa subira." Chuma chake alikipaka mafuta ya papa kisishike kutu, na mwili wake wote ulinukia hivyo. Mpaka leo nikipita penye mafuta ya papa nasimama.

Tulikuwa na ada moja ambayo vijana wa sasa hawaijui. Ukishuka kwenda baharini unabeba kibuyu cha maji, maana huko ni chumvi tupu. Ukipanda kwenda juu hubebi. Juu ndiko maji matamu yanakotoka, na kubeba maji kwenda juu ni kuutukana mto. Mtoto akijisahau akaingia mtumbwini na kibuyu safari ya juu, alizomewa mpaka alie. Nilizomewa mimi, nikalia kweli.

Kisha vikaja vita vya Maji Maji. Dawa ile ilitoka upande wa Ngarambe, na watu wetu waliifuata, wakanyunyiziwa, wakaambiwa risasi ya Mjerumani itageuka maji. Haikugeuka. Vijana wa leo wanatucheka, eti wazee wenu walikuwa wajinga, nao hao hao wanafunga hirizi wafaulu mtihani. Nawaambia chekeni, hamkuona askari wakichoma ghala la mpunga huku wenye mpunga wamesimamishwa watazame. Tulikula mizizi, tukala mbegu tulizoweka za kupanda. Chuo kilifungwa, na ubao wangu wa kusomea Kurani mama aliutia jikoni siku ya mvua, kuni zote zilipolowa.

Kiangazi kimoja akatujia Mpili, mume wa shangazi Zainabu, dada yake baba. Kwao kulikuwa mbele ya Ngarambe, kwenye nyika kavu ambayo hakuna mtu wa Mbwera aliyewahi kuiona. Alikuja akichechemea, risasi imempita pajani. Kijiji chao kilikuwa kimechomwa, na waliosalia, shangazi na watoto wake miongoni mwao, walikuwa wamejificha kwenye mapango. Sasa simba alikuwa akiwamaliza. Vita vilikuwa vimewazoesha simba nyama ya watu; maiti ziliachwa porini, nani angezika? Bunduki zote Mjerumani alikuwa amezikusanya.

"Shemeji, kule hakuna msasi aliyebaki," alisema Mpili. "Wewe unaua mamba. Simba ni mamba wa nchi kavu."

Safari ilipangwa barazani kwetu, mchana, nasi watoto tukisikiliza. Mpili alimwaga majivu sakafuni, akachora kwa kidole: huu mto, haya mapango, hapa simba anapolala. Baba akauliza mambo ya maana yote. Simba hupita wapi? Miti ipo ya kufunga kamba? Akaamua kumsasi kwa chusa, na badala ya gogo jepesi atafunga gogo zito, simba aliburute mpaka achoke, na alama ya gogo iwaongoze. Salehe na Abdala, wakata mikoko, wakakubali kufuatana naye. Nilimwona baba mkubwa kuliko Mjerumani.

Mama peke yake ndiye aliyeuliza. "Na maji?"

Baba akacheka. "Mke wangu, tunakwenda juu, hatwendi baharini. Nani anabeba maji kwenda juu?"

Wote wakacheka, na Mpili akacheka nao. "Usihofu, shemeji," akamwambia mama. "Maji yapo. Mto ule haujatunyima hata siku moja."

Asubuhi ya safari mama alijaza kibuyu akakitia ndani ya kapu, chini ya unga wa muhogo. Baba alikiona. Hakugomba. Alikitoa, akakitundika kwenye kigingi mlangoni, akasema, "Unataka Salehe akanizomee njia nzima?" Akanigusa kichwa, wakaingia mtumbwini. Mpili, kwa lile paja lake, alibaki kwetu.

Tulingoja. Mwezi ukaandama, ukafa, ukaandama tena. Waliokuja ni shangazi Zainabu na watoto wake, wamekonda, wako hai. Mama alipoona shangazi amebeba kapu la baba na baba hayupo, alikaa chini pale pale uwanjani.

Shangazi alisimulia bila kulia, nadhani machozi yalikuwa yamemwisha. Baba alimchoma simba sawasawa, karibu na mapango. Simba akakimbia na chusa, gogo nyuma yake, likichora mfereji kwenye mchanga wa mto, nao wakafuata kama walivyopanga. Mchanga, maana mto ule kiangazi hauna tone juu yake. Simba alikwenda mbali sana. Watu wa mapangoni walipoona hawarudi, waliifuata ile alama. Wakamkuta simba amekufa na chusa ubavuni. Mbele kidogo wakamkuta Salehe, kisha Abdala, kisha baba, midomo imepasuka, hawana jeraha.

"Nikafukua mchanga pale pale kilipolala kichwa cha kaka yangu," shangazi alisema. "Maji yalikuja kabla mkono haujazama mpaka kwenye kiwiko. Ndiyo niliyomwoshea."

Mpili alijifunika uso kwa kanzu. Kwao kila mtoto anajua kufukua, kama siye tunavyojua kungoja maji ya chumvi yapwe ndipo tuchote. Haikumjia kwamba kuna mtu mzima asiyejua. Mama alimsamehe siku ile ile, akamtunza mpaka kufa kwake. "Nani humfundisha mgeni kitu anachokijua mtoto?" alikuwa akisema. Mimi sikumsamehe. Nimezeeka, nimekwenda kaburini kwake, nimesoma fatiha, na sijamsamehe.

Siku hizi wajukuu wanapanda lori kwenda Kibiti tu hapo, na kila mmoja ana chupa ya maji mkononi, utadhani wanahama. Hawajui juu wala chini, mto kwao ni kitu cha kuvuka. Ile ada imekufa, na nikisema nawakumbuka watu wake, nawakumbuka kwa uchungu: walikuwa na heshima kwa mto kuliko kwa roho zao. Natania chupa zile. Lakini ya mjukuu wangu mdogo naijaza mwenyewe, naifunga mwenyewe, nasimama mpaka lori liondoke nayo.

Kile kibuyu mama hakukishusha. Hakuyanywa maji yale wala hakuyamwaga, na hakuna aliyethubutu kukigusa. Kila asubuhi nilikitikisa kidogo nipitapo mlangoni, nisikie kama bado yamo. Yalipungua polepole, mpaka siku moja nikatikisa, nisisikie kitu.